Mgeni Akaaye na Mgeni Aingiaye: Kutoka Torati ya Nabii Musa Hadi Wayahudi wa Mbale

Kisiwani Pemba mtu aghlabu huulizwa kwao kabla ya kuulizwa jina, na sisi tukaao Gombani, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, twajua uzito wa suali hilo, kwani nchi hii ya mikarafuu imekaliwa na watu wa asili mbali mbali: waliokuja kwa pepo za kaskazi kutoka Hadharamauti na Omani, na walioletwa kwa nguvu kutoka bara ili wachume karafuu, ambao hata baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hukumu ya utumwa, na ijapokuwa walisali safu moja na waliokuwa mabwana zao, walikumbushwa asili zao kwa miaka mingi. Nataka kueleza hapa jinsi dini ya Kiyahudi ilivyomweka mgeni akaaye katikati yake, na mgeni aingiaye ndani yake, kisha nifuate habari hiyo hadi Uganda, ambako karne iliyopita ilitahiniwa kwa ukali usiokuwa na mfano katika Afrika ya Mashariki.

Katika taifa la kale la Bani Israili ardhi iligawiwa kwa makabila, baba akamrithisha mwana, na kwa hivyo mgeni aliyehamia kwao hakuwa na shamba wala ukoo wa kumtetea. Torati ikalijaza pengo hilo kwa sheria. Alipewa haki ya kuokota masazo ya mavuno pamoja na maskini, yatima na mjane. Alipumzishwa siku ya Sabato kama mwenyeji. Na akiua mtu pasipo kukusudia, aliruhusiwa kukimbilia miji sita ya hifadhi sawa na mzalia. Kitabu cha Hesabu kimeweka hukumu moja kwa wote wawili, na Kutoka, Walawi na Kumbukumbu la Torati vimeikariri sababu yake, kwamba Bani Israili wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Wanavyuoni wa Talmudi walihesabu mahali 36 ambapo Torati yaonya juu ya kumdhulumu mgeni, na wengine wakasema 46. Na sidhani kama iko amri nyingine iliyorudiwa kwa bidii kiasi hicho, jambo linaloonyesha pia kwamba watu walikuwa wepesi wa kuisahau.

Baadaye marabi walipambanua wageni wawili. Wa kwanza, mgeni mkaazi, aliacha ibada ya masanamu na kuzishika amri saba za wana wa Nuhu, akakaa kwa amani pasipo kuingia katika dini; msomaji wa fiqhi yetu atamkumbuka dhimmi, ingawa si kitu kimoja. Cheo chake kilifungamanishwa na mwaka wa yubile, na yubile ilipokoma kutekelezwa, cheo hicho nacho kikabaki vitabuni zaidi kuliko mitaani. Wa pili ni mgeni wa haki, aliyeingia kabisa. Huyu alisimama mbele ya baraza la watu watatu, akatahiriwa ikiwa mwanamume, akazamishwa majini awe mume au mke, na akiinuka majini huhesabiwa kama mtoto aliyezaliwa siku ile.

Lakini kabla ya maji na wembe lilikuja suali, nalo ndilo lililonivuta kuiandika makala hii. Talmudi yaagiza kwamba ajaye kuomba kuingia aulizwe ameona nini hata akaja, na je, hajui kwamba Israili wa zama hizi ni watu waonewao na kuteswa. Akijibu kwamba anajua, na kwamba hajioni kustahiki, hupokewa papo hapo. Hukumu hii yafuata mfano wa Ruthu Mmoabi, mjane wa kigeni aliyekataa kumwacha mama mkwe wake, akawa bibi wa ukoo uliomzaa Nabii Daudi.

Si wote waliokuwa wakunjufu. Rabi Helbo alisema maneno makali juu ya wanaoingia, akawafananisha na ugonjwa wa ngozi. Na mwanachuoni Shammai alimfukuza mtu aliyetaka kufundishwa Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja, ilhali mwenzake Hillel alimpokea. Na karne ya nne ilipokuwa inakwisha, wafalme wa Himyari kule Yemen waliingia dini hiyo. Mmoja wao, Yusuf Dhu Nuwas, aliwatesa Wanasara wa Najrani mnamo 523, dhulma ambayo wafasiri wengi wa Kurani huihusisha na watu wa mahandaki. Asiyekuwa tena mgeni naye aweza kumwonea mgeni.

Jibu lililo bora juu ya cheo cha aingiaye, kwa rai yangu, ni la Musa bin Maimun, mzaliwa wa Cordoba aliyefariki Misri mwaka 1204. Mtu mmoja aliyeingia dini, jina lake Obadia, alimwandikia kuuliza iwapo yafaa aseme katika sala “Mungu wa baba zetu”, naye baba zake hawakuwa Wayahudi. Bin Maimun alimjibu kwamba aseme bila ya kubadilisha neno, kwani Ibrahimu ni baba wa kila aingiaye chini ya mbawa za Mungu wake, na nasaba ya Obadia haina upungufu wowote.

Sasa na tuende Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, amiri wa Kiganda na Mprotestanti, aliwasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki kwa matumaini ya kupewa ufalme huko, nao hawakumpa. Aliwaacha, akajiunga na Wamalaki, kundi la kidini lililokataa dawa za hospitali, akazama katika kusoma Agano la Kale. Alipotaka kutahiriwa, Wamalaki walimwambia kwamba tohara ni ya Wayahudi. Yasimuliwa kuwa alijibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Mwaka uliofuata Myahudi msafiri aitwaye Yosef aliwafundisha kalenda, Sabato na uchinjaji, na 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha sala na amri kwa Kiganda. Alikufa 1928. Baraza la watu watatu halikuwako mahali popote katika habari hii.

Miaka zaidi ya 40 baadaye likaja lile suali la Talmudi, ila aliyeliuliza hakuwa rabi. Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 hadi 1979, alipiga marufuku ibada yao. Masinagogi yakafungwa na kubomolewa, na watu wapatao 3,000 wakapungua hadi 300 hivi, wengine wakisilimu, wengine wakirudi Ukristoni. Wale 300 walisali kwa siri, wakijua wazi waliyokuwa wakiyachagua.

Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Konsavativu walikwenda kilima cha Nabugoye, wakaweka baraza, na watu wapatao 400 wakazamishwa majini. Gershom Sizomu, mmoja wa jamii hiyo, alisomea urabi Los Angeles, akapata ijaza 2008, na 2016 alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mwenzake J. J. Keki aliasisi 2004 ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, uliowaunganisha wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa huko, jambo ambalo ingetufaa sisi wa mashamba ya karafuu kulitazama kwa makini.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki nusu wazi. Sheria ya Kurejea ya Israeli, kwa marekebisho ya 1970, yamkubali aliyeingia dini. Lakini mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ilimkatalia kijana wa Kiabayudaya aliyeomba kukaa, ingawa Wakala wa Kiyahudi ulikuwa umekwisha kuitambua jamii yake mwaka 2016. Mimi si mtu wa dini hiyo, wala sina ijaza ya kufutu katika sheria yake. Ila najiuliza ni ushahidi gani zaidi uliotakiwa kwa watu ambao wazee wao waliulizwa, si kwa maneno bali kwa marufuku na kubomolewa masinagogi yao, kama wanajua ya kuwa Israili ni watu waonewao, nao kwa miaka minane wakajibu kwamba wanajua.