Kulainika kwa Spika na Kuzoea kwa Sikio

Muuzaji wa vyombo vya muziki mjini Kibwezi, Makueni, akikuona umekunja uso kwa sababu wufa mpya, yaani spika ya besi, ina sauti kavu na besi haishuki, huenda akakupoza hivi: "Ipeleke tu nyumbani, icheze wiki mbili, itafunguka." Dai hilo halikuzaliwa Makueni. Wapenzi wa muziki wa majumbani wamelibishania duniani kote kwa miongo mingi, na Kiingereza kimelipa majina mawili, burn-in na break-in, la kwanza kutokana na kuchoma, la pili kutokana na kuvunja. Yote mawili hayatufai. Ukimwambia DJ wa benga ya Kikamba kwamba umechoma spika zake, atajua koili zimeungua na atakudai pesa. Ukimwambia umezivunja, utadaiwa zaidi.

Nasema spika, si kipaza sauti, kwa makusudi. Kipaza sauti ni neno zuri, ila kwa watu wengi ndicho kile anachoshika mgeni wa heshima kwenye harambee, na makala hii haimhusu mgeni wa heshima wala Spika wa Bunge.

Spika tunazozijua zinafuata muundo ambao Chester Rice na Edward Kellogg waliueleza mwaka 1925 nchini Marekani. Koili ya waya mwembamba imekaa ndani ya uwazi wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma, na koni iliyogundishwa nayo inaisukuma hewa. Koni hiyo imeshikiliwa mahali pawili: pembeni kuna ukingo wa mpira, sifongo au kitambaa, na nyuma, karibu na koili, kuna duara la kitambaa chenye makunyanzi kilichokaushwa kwa gundi ya resini. Mafundi huliita spaida. Hicho ndicho kiini cha mjadala wote.

Spaida mpya ni kakamavu. Koni ikianza kwenda mbali, resini iliyoshika nyuzi inapata nyufa ndogo zisizoonekana, na kitambaa kinalegea. Hili si imani, linapimika. Masafa ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe hushuka, na mafundi wanaotengeneza makabati kwa hesabu za Neville Thiele na Richard Small huichezesha spika kwanza ndipo waipime, la sivyo namba zao zitasema uongo. Kwa hiyo anayesema spika haibadiliki kabisa amekosea.

Lakini angalia muda na kiasi. Sehemu kubwa ya kulegea huko hutokea koni inapotikiswa kwa nguvu kwa dakika chache za kwanza. Wiki mbili za nini? Halafu spika haichezi ikiwa mikononi, inacheza ndani ya kabati. Tuchukue mfano wa hesabu. Spika yenye masafa asilia ya hezi 50 imelegea mpaka 45, yaani asilimia 10 kamili. Tuiweke katika kabati lililozibwa, ambamo hewa ya ndani ina ukakamavu mara 3 ya ule wa spaida na ukingo vilipokuwa vipya. Kabla ya kulegea, mfumo mzima ungetikisika kwa hezi 100. Baada ya kulegea, ni karibu 98. Hewa ya kabati haijalegea, na ndiyo inayotawala. Tofauti hiyo haifikii nusu ya hatua kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kile kinachofuata. Kabati lenye tundu hufuata hesabu nyingine, ila hapo pia spika ikilegea, namba kadhaa husogea pamoja na kwa kiasi kikubwa hufidiana.

Kuna mabadiliko mengine yanayochanganywa na haya, na ukanda huu mkavu wa barabara ya Mombasa unayajua vizuri. Shaba ya koili ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Koili iliyopanda digrii 100 katikati ya mkutano wa injili wa mchana, spika zikiwa juani, inaweza kupoteza desibeli 2 hadi 3 za sauti. Jioni ikipoa, sauti inarudi. Huko ni kuchoka kwa muda. Na vumbi likiingia kwenye uwazi wa sumaku, au ukingo wa sifongo ukimumunyika baada ya miaka kumi na kitu, huko ni kuchakaa. Hakuna spika inayofunguka kwa njia hizo.

Basi mtu anayeapa kwamba wufa yake imekuwa tamu baada ya wiki mbili anadanganya? Hapana, amesikia alichosikia. Kilichobadilika ni msikilizaji. Ubongo hujifunza umbo la sauti ya chumba na chombo, ukaanza kuiondoa kasoro inayojirudia, ndiyo maana abiria wa matatu anasahau kelele za besi baada ya kilomita chache lakini aliyesimama kituoni anaziba masikio. Tena kumbukumbu ya undani wa sauti ni fupi mno. Hakuna anayeweza kulinganisha kwa uaminifu besi ya leo na ya wiki iliyopita. Macho nayo yana kura: Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wale wale walizipa spika zile zile alama tofauti walipoziona na zilipofichwa nyuma ya pazia. Na yule anayeichezesha spika mpya kwa sauti ya juu usiku kucha huku amekaa mbele yake, masikio yake yanapoteza ukali kwa saa kadhaa, hasa kwenye sauti nyembamba. Ile sauti kali aliyoichukia jioni inakuwa laini asubuhi. Spika imesingiziwa sifa.

Kiingereza kimeyafunga pamoja mambo mawili, la spika na la sikio, na ndiyo sababu ubishi hauishi. Kiswahili hakina haja ya kurithi fundo hilo. Kwa kitambaa na resini, tuseme kulainika: kiambishi -ik- kinaonyesha hali inayoipata spika yenyewe, na nomino yake, ulainikaji, inakaa vizuri katika kitabu cha ufundi. Kwa mwanadamu, tuseme kuzoea kwa sikio. Nimekwepa uzoefu kwa sababu siku hizi neno hilo ni la wanaoomba kazi. Kuzoesha spika, ninalolisikia mara mojamoja, nalikataa: linaipa mbao na sumaku tabia ya kiumbe hai, kisha linaficha ni nani hasa aliyezoea. Kufunguka kunaweza kubaki sokoni, ambako kunafanya kazi yake ya kuuza.

Maana ahadi ya wiki mbili ina faida kwa upande mmoja. Duka likiwa limebandika ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, wiki mbili zinatosha sikio lako kukubali chochote, na hata pale panaporuhusiwa kurudisha, muda utakuwa umepita. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, lakini ni rahisi zaidi kulinda pesa kabla hazijatoka mfukoni. Omba wufa ichezwe hapo hapo dukani, kwa wimbo unaoujua, kwa nguvu ya kutosha, robo saa. Kama ilikuwa na cha kulainika, kingi kimeshalainika. Ikiwa bado inakukera, usiinunue.