Seva ya lugha: namna ya kuiweka kwenye simu na kuhakikisha inafanya kazi

Unajifunza kuandika programu kwa Python. Kompyuta huna, simu unayo. Umeandika mistari 20, umeiendesha, inakataa. Kumbe bano moja halikufungwa kwenye mstari wa 3. Ipo programu ndogo ambayo ingekuonyesha kosa hilo ungali unaandika. Inaitwa seva ya lugha. Katika makala haya tunaeleza ni kitu gani na namna ya kuiweka kwenye simu ya Android.

Seva ya lugha ni nini?

Msimbo wa programu huandikwa ndani ya kihariri. Kihariri chenyewe hakiielewi Python kwa undani. Kwake mengi ni herufi tu. Seva ya lugha ndiyo inayoijua lugha. Husoma unachoandika na kukiambia kihariri: hapa pana kosa, neno hili linaweza kumaliziwa hivi, amri hii hufanya kazi fulani.

Neno "seva" lisikutishe. Wengi wakilisikia hufikiria mashine kubwa iliyo mbali, inayokula bando kila dakika. Hii inaendeshwa ndani ya simu yako mwenyewe. Bando unalihitaji siku ya kuipakua. Baada ya hapo unaweza kuandika hata mahali ambapo mtandao haushiki.

Ilianzaje?

Zamani kila kihariri kilitengenezewa ujuzi wa kila lugha peke yake. Vihariri 10 na lugha 10 maana yake kazi 100. Juni 2016 kampuni za Microsoft, Red Hat na Codenvy zilitangaza utaratibu mmoja wa mazungumzo kati ya kihariri na seva ya lugha. Kila lugha ikitengenezewa seva yake, na kila kihariri kikijifunza utaratibu huo, kazi 100 zinabaki 20. Ndiyo sababu leo seva ile ile hutumika kwenye vihariri vingi. Lugha za C na C++ zina clangd, Go ina gopls, Rust ina rust-analyzer. Kwa Python tumechagua jedi-language-server.

Kabla hujaanza

Unahitaji simu yenye Android 7 au zaidi, na programu iitwayo Termux, inayokupa uwanja wa kuandika amri. Ipakue kutoka F-Droid. Amri zote hapa chini ziandike kwa herufi ndogo. Kibodi za simu hupenda kuanza na herufi kubwa zenyewe, na hilo peke yake linatosha kuifanya amri ikatae.

Hatua za kuweka

1. Sasisha orodha ya programu na programu zilizopo:

pkg update
pkg upgrade

2. Weka Python, kipakuzi chake pip, na kihariri kiitwacho Helix:

pkg install python python-pip helix

Termux itakuonyesha ukubwa wa kinachopakuliwa kabla ya kuendelea. Usome kwanza, ulinganishe na bando lako, ndipo ujibu Y.

3. Weka seva ya lugha yenyewe:

pip install jedi-language-server

Hakikisha imekubali

Maelekezo mengi huishia hatua ya 3. Sisi tulipojaribu mara ya kwanza tulifuata maelekezo ya namna hiyo, tukafungua kihariri, tukaona kimya. Hatukujua kama tumekosea sisi au ndivyo kilivyo. Kwa hiyo usiiruke hatua hii. Andika:

hx --health python

Itatoka orodha. Ukiona alama ya vema kwenye mstari wa jedi-language-server, kihariri kimeiona seva yako. Majina mengine yakiwa na alama ya kukosa usihangaike. Hizo ni seva nyingine ambazo hukuziweka.

Sasa ijaribu kwa kazi. Fungua faili jipya:

hx salamu.py

Bonyeza i ili uanze kuandika, kisha andika:

import math
math.

Subiri kidogo baada ya nukta. Orodha ya maneno itajitokeza, na ndani yake utaikuta sqrt, yaani kipeuo cha pili. Imalizie iwe math.sqrt(16). Kisha futa bano la kufunga kwa makusudi. Alama ya kosa itatokea pembeni mwa mstari. Rudisha bano, nayo itaondoka. Kuhifadhi na kutoka, gusa ESC kwenye safu ya vitufe vya Termux, andika :wq, halafu Enter.

Ikikataa

Upakuaji ukikwama hatua ya 1 au ya 2, andika termux-change-repo, uchague chanzo kingine, kisha urudie.

Orodha ya ukaguzi ikionyesha kuwa jedi-language-server haipo, andika:

command -v jedi-language-server

Lisipotoka jibu, hatua ya 3 haikukamilika. Irudie na usome mistari ya mwisho inasema nini. Likitoka jibu linaloanza na /data/data/com.termux, seva ipo. Toka kwenye kihariri kabisa, kisha ukifungue upya.

Ukitaka kuiondoa, andika pip uninstall jedi-language-server.

Andika ulichofanya

Mwenzako kijijini akikuuliza umewezaje, usimpe amri tupu. Chukua daftari uandike mambo manne: umetumia simu yenye Android ya ngapi na lini, amri zenyewe kwa mpangilio, kinachotakiwa kuonekana baada ya kila amri, na namna ya kuondoa ulichoweka. Tarehe ina maana kwa sababu programu hizi hubadilika, na amri ya mwaka huu huenda mwakani isikubali. La tatu ndilo linalosahaulika sana. Asiyejua anachotakiwa kukiona hujilaumu bure, akadhani kuandika programu si kwa watu kama yeye, kumbe ni mstari mmoja tu ulioachwa na aliyemwelekeza.