Zimamoto wengi huuawa na moyo, si moto

Ukiwauliza watu askari wa zimamoto hufa vipi kazini, wengi watasema ni kuungua au kuangukiwa na jengo. Kumbe nchini Marekani, kwa mujibu wa utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2007, takriban asilimia 45 ya vifo vya zimamoto wakiwa kazini vilitokana na maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Utafiti huo ulichunguza vifo vya kuanzia 1994 hadi 2004. Kuzima moto huchukua asilimia 1 hadi 5 tu ya muda wa kazi, lakini asilimia 32 ya vifo vya ugonjwa wa moyo vilitokea wakati huo.

Mwilini kunatokea nini?

- Kengele: Mtu anatoka usingizini na mapigo yanapanda ghafla.
- Uzito: Mavazi na mtungi wa hewa huweza kuzidi kilo 20.
- Joto: Jasho hupunguza maji mwilini. Mwaka 2017, watafiti wa Edinburgh waligundua kuwa hata kwa zimamoto wenye afya njema, damu iliganda kwa urahisi zaidi baada ya zoezi la uokoaji kwenye moto.
- Moshi: Gesi ya kaboni monoksaidi hung'ang'ania chembe za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo moyo unakosa hewa.

Viwandani je?

Joto la tanuri, moshi na zamu za usiku nazo huuchosha moyo. Mwaka 2021, WHO na ILO zilieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, kwa asilimia 17, kuliko wa saa 35 hadi 40.

Ufanye nini?

Mara nyingi mishipa huwa imeanza kuziba miaka mingi kabla. Kazi ngumu humalizia tu. Kwa hiyo:

- Pima presha, sukari na mafuta kwenye damu hata kama hujisikii mgonjwa.
- Acha sigara.
- Fanya mazoezi mara kwa mara.
- Kunywa maji na upumzike baada ya kazi ya joto kali.
- Usivue kifaa cha kupumulia moshi ukiwa bado upo.

Kifua kikibana, pumzi ikikata au jasho baridi likikutoka, usisubiri zamu iishe. Mwambie mwenzako, uwahishwe hospitali.