Vyombo vya Mti vya Pwani na Ushahidi wa Majina Yake

Mtu azurupo magofu ya Gedi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, huonyeshwa vigae vya udongo na vya kaure ya Uchina. Vyapendeza, lakini vyaweza kumpotosha mwandishi wa historia. Kigae hukaa ardhini karne nyingi. Mti huliwa na mchwa. Ahesabuye vigae tu atadhani kwamba mchonga vyombo hakuwa na kazi kubwa mjini.

Ushahidi wa kinyume tunao. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aeleza kwamba aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na vitoweo juu yake. Chakula hicho kilitoka nyumbani kwa mtawala wa mji, wala si kwa maskini asiyeweza kununua kaure.

Ushahidi wa pili ni lugha yenyewe. Sinia, sahani na sufuria ni maneno ya asili ya Kiarabu; kinu, mchi na mwiko ni ya Kibantu. Hata kijiko cha chuma tunachokorogea chai ni mwiko uliodogoshwa, kama kijiti kilivyotoka katika mti na kijito katika mto. Chombo kimebadilika, jina limebaki. (Wako wapendao kuunganisha mwiko huu na mwiko wa mambo yaliyokatazwa, mimi sijaona hoja ya kutosha.)

Yafaa pia tuwatazame waashi. Chano ni sinia ya mti ya mviringo, yenye ukingo mfupi, ya kuandalia chakula. Mwashi naye huita chano ubao wake wa chokaa, na chuma cha kupakia chokaa hiyo hukiita mwiko. Hivyo aliyejenga nyumba za mawe, ambazo ndizo fahari ya magofu yetu, aliazima jikoni majina ya zana zake. Haielekei kwamba angefanya hivyo kama vyombo hivyo visingalikuwa vya kila siku machoni pake.

Upawa na kata huchanganywa mno. Vyote viwili ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Lakini upawa una kina kifupi, nao ni wa kupakulia mchuzi, na kata ina kina zaidi, ya kutekea maji mtungini. Katika hifadhi moja niliviona vimewekwa pamoja, na kibandiko kimoja: "vijiko vya asili". Aliyekiandika hakutaja mti wa mpini wala mahali vilikotoka. Mpini wa kata ulikuwa umekwisha kutobolewa na wadudu, na vumbi lake limeanguka juu ya kibandiko.