Chuo Kilichosubiri Maji Yajae

Wasee, kuna mwalimu mmoja alituambia darasani, bila kupepesa macho, ati kabla ya mzungu sisi hatukuwa tunaandika. Tukanakili. Nimeishi na hiyo sentensi miaka mingi, hadi siku nilipopanda boti Lamu nikaenda Siyu.

Mimi ni mtu wa Kitengela, maji nayajua ya mtungi. Sikuelewa mbona kapteni anachungulia bahari badala ya kuwasha injini. Kumbe Siyu, kwenye kisiwa cha Pate, hufiki saa unayotaka wewe. Unapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kisha baadaye unaingia kwa mkono wa bahari wenye mikoko huku na huku. Maji yakipwa, boti inakaa kwa matope na wewe unakaa nayo.

Ukishuka, kila mtu anakimbilia kupiga picha ngome. Sawa, Siyu ilikuwa na watu wagumu: miaka ya 1840 jeshi la Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, lilikuja likapigwa. Lakini mimi nilikuwa nimefuata kalamu. Karne ya 18 na 19 huu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Kurani zilinakiliwa hapa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, kwa wino mweusi na mwekundu. Si mambo ya kuprinti pale saiba! Na Kiswahili chenyewe kiliandikwa, kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka uliandikwa kisiwa hiki hiki cha Pate mwaka 1728. Nairobi imeanza kama kituo cha reli 1899. Piga hesabu, halafu umtafute mwalimu wangu.

Wanawake pia walikuwepo. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Ushauri wake kuhusu mume ungewasha moto kwa komenti leo, nakubali. Lakini ni mama anayejua muda umeisha, na anachoagiza ni wino na karatasi.

Tusidanganyane lakini. Elimu ya pwani ilikuwa na mlango, na watoto wa watumwa walibaki nje. Ndio maana jioni, tuliporudi Lamu, nilikaa sana nje ya Riyadha. Habib Swaleh, mgeni kutoka Komoro, aliujenga huu msikiti karibu mwaka 1900, na akafundisha hata maskini na watu waliotoka utumwani. Wakubwa wa mji hawakufurahia. Leo wanafunzi wanatoka mbali kuja kusoma hapo. Sisi tunaopigiwa simu ya karo kila muhula, hiyo stori inatuhusu kuliko ya sultani.

Cambridge kule Uingereza watalii hulipa kuzungushwa na boti nyuma ya vyuo, wakielezewa nani alisoma wapi. Kwetu boti inauzwa na machweo na samaki wa kupaka. Mimi samaki nilikula, sikatai. Ila ukienda, mwambie kapteni Siyu, na umuulize usiku uliotangulia maji yanajaa saa ngapi. Sisi tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, na tuliponea chupuchupu.