Mtu Mzima Mwenye Swali: Historia ya Vyuo vya Wananchi vya Kasulu na Kibondo na Somo Lake kwa Kanisa

1. Utangulizi

Wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, zinajulikana kwa wengi kwa sababu ya habari za wakimbizi. Wachache wanazifahamu kwa historia yao ya kujifunza. Hata hivyo, kila moja ya wilaya hizo ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na mgeni akikitembelea ataonyeshwa kwanza karakana na vyumba vya ufundi. Huenda asijue kwamba wazo lililozaa vyuo hivyo lilitoka kwa mchungaji wa Kilutheri wa Denmark, ambaye hakutaka mtihani wala cheti, bali mahali ambapo mtu mzima angeweza kuleta maswali yake na kuyazungumza na wenzake. Makala hii inakusudia kueleza jinsi wazo hilo lilivyofika Buha, jinsi lilivyobadilika, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tuliokabidhiwa huduma ya Neno.

2. Watu wazima wa Buha kabla ya Uhuru

Yafaa tuanze kwa kukumbuka kwamba darasa la kwanza la kusoma kwa watu wazima wengi wa Buha lilikuwa darasa la ubatizo. Mapadre Weupe walifuata kanuni ya Kardinali Lavigerie iliyomtaka mwombaji wa ubatizo ajifunze kwa muda wa miaka minne. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliotoka Australia nao walifundisha kusoma pamoja na kufundisha Injili. Sisi Walutheri hatukuwa miongoni mwa watangulizi wa kazi hiyo huko, lakini njia hiyo tunaifahamu vema, maana ndiyo iliyotumiwa na wazee wetu Kilimanjaro, Usambara na Buhaya.

Njia hiyo ilikuwa na nguvu yake na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba mtu mzima hakuonewa haya. Mzee na kijana walikaa mbele ya mwalimu mmoja, na wote walikuwa wanafunzi. Udhaifu wake ni kwamba somo lilikuwa na mwisho. Siku ya ubatizo ilipopita, wengi walifunga kitabu.

Shule ya pili ilikuwa ya taabu. Serikali ya kikoloni iliifanya Kigoma kuwa mahali pa kuchukua vibarua badala ya mahali pa kuendeleza kilimo cha biashara. Wanaume wa Kiha walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Wengi walirudi na Kiswahili, na pengine na herufi chache. Nyumbani, mke asiyejua kusoma alipopokea barua alilazimika kutafuta mtu wa kumsomea, na siri ya nyumba ikapita kwanza masikioni mwa jirani. Mtu anayetaka kujua maana ya kutojua kusoma na aitafakari barua hiyo.

3. Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na matunda yake

Mwaka 1964, alipotoa mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alisema kwamba taifa halina budi kuanza na watu wazima, kwa kuwa matunda ya elimu ya watoto yangechelewa kwa miaka mingi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 TANU ikaazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe nchini kabla ya mwisho wa mwaka 1975.

Mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO tangu mwaka 1968 ulifanyika katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Kigoma haikuwamo. Kampeni ya taifa zima ilienea wakati ambapo Kigoma ilikuwa katika Operesheni ya mwaka 1972, iliyowahamisha watu kutoka makao yao yaliyotawanyika na kuwakusanya vijijini. Hatuna budi kusema wazi kwamba kuhama huko hakukuwa kwa hiari ya kila mtu. Kwa hiyo darasa la ngumbaru katika kijiji kipya lilikuwa na sura mbili: lilikuwa zawadi, na lilikuwa pia sehemu ya amri.

Hata hivyo matunda yalionekana. Katika nchi nzima walimu wa shule za msingi, watu wa kujitolea, na hata wanafunzi wa darasa la saba walifundisha wazee wao jioni. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Mwezi Agosti 1975 watu wapatao milioni 3.8 walifanya mtihani wa taifa wa kisomo. Wasiojua kusoma, waliokuwa asilimia 67 mwaka 1967, walihesabiwa kuwa asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wenye kujua kusoma walikuwa takribani asilimia 69 tu. Ni kweli kwamba hesabu hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja. Hata hivyo zinatufundisha jambo: aliyefundishwa herufi kisha akakosa kitabu, gazeti na mtu wa kujadiliana naye, husahau. Kisomo bila mwendelezo ni kama moto uliowashwa kwa majani makavu.

4. Mchungaji Grundtvig na shule ya uzima

Hapa ndipo tunapokutana na mchungaji wetu. Nikolai Frederik Severin Grundtvig alizaliwa mwaka 1783, mwana wa mchungaji, akafariki mwaka 1872. Wengi wanamfahamu kama mtunzi wa nyimbo za kanisa. Katika ujana wake alisoma katika shule ya Kilatini, na baadaye aliilaumu shule ya namna hiyo kwa kuwa ilifundisha mambo yaliyokufa kwa lugha iliyokufa. Aliita shule hiyo shule ya mauti, akataka iwepo shule ya uzima.

Shule aliyoitamani ilikuwa na alama chache. Lugha yake ni lugha ya wananchi wenyewe. Walimu na wanafunzi huishi pamoja. Neno lisemwalo hutangulia neno lililoandikwa, na mazungumzo hutangulia maelezo. Historia na nyimbo hupewa nafasi kubwa. Hakuna mtihani wa kuingia wala wa kutoka, kwa kuwa anayekuja amekuja kwa sababu anataka kujua. Grundtvig mwenyewe hakuanzisha shule. Wengine ndio waliofungua ya kwanza huko Rødding mwaka 1844. Kutoka Denmark wazo likaenda Norway, na mwaka 1868 likaingia Sweden.

Tusimfanye Grundtvig kuwa malaika. Shule hizo zilianza kwa ajili ya vijana wa kiume wa wakulima, na wanawake walingoja. Hata hivyo kiini cha wazo lake kilikuwa cha kitheolojia: kwamba mkulima ni mwanadamu kamili aliyeumbwa na Mungu kabla ya kuwa mfanyakazi wa mtu yeyote, na kwa hiyo ana haki ya kujua.

5. Kutoka Sweden hadi Kasulu na Kibondo

Mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianza kuunda Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa mfano wa vyuo hivyo. Vingi vilianzia katika majengo ya vituo vya zamani vya mafunzo ya wakulima. Idadi yake ilifika zaidi ya hamsini, na Kasulu na Kibondo vikawa miongoni mwake. Utaratibu ulikuwa kwamba kijiji kimchague mtu wake, aishi chuoni, kisha arudi kijijini na alichojifunza. Alifundishwa kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani, lakini pia siasa, utamaduni na mambo ya nchi yake.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1990 vyuo vilihamishiwa katika wizara ya maendeleo ya jamii, wakati ambapo fedha za serikali zilikuwa haba. Karo ikapanda umuhimu, vijiji vikaacha kuchagua, na nafasi ya mkulima wa makamo ikachukuliwa na kijana aliyemaliza shule na kutafuta ufundi wenye cheti. Mwaka 2017 vyuo vilirudishwa katika wizara ya elimu, na mafunzo ya ufundi yakazidi kupewa uzito. Katika miaka ya karibuni mpango uitwao Elimu Haina Mwisho umewarudisha darasani wanawake vijana waliokatizwa masomo, hata walio na watoto.

Hatuwezi kuyadharau mabadiliko hayo. Kijana wa Kibondo asiye na kazi anahitaji randa na cherehani, wala hatashibishwa na mjadala wa historia. Lakini yafaa tuulize: mkulima wa miaka hamsini ambaye hatafuti cheti, anayetaka tu kuelewa kwa nini mvua imebadilika, sheria ya ardhi inasema nini, au Warumi ni kina nani katika Biblia yake, aende wapi?

6. Somo kwa Kanisa

Swali hilo linarudi kwetu. Luther aliandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529 ili baba mwenye nyumba aifundishe jamaa yake, na yeye mwenyewe, ingawa alikuwa daktari wa theolojia, alikiri kwamba bado anajifunza katekisimu kila siku kama mtoto. Je, sharika zetu zinaishi hivyo? Tuna darasa la ubatizo na la kipaimara, yote yakiwa na mwisho na cheti. Baada ya hapo mkristo husikiliza mahubiri miaka arobaini bila kupewa hata mara moja nafasi ya kuuliza. Kisha tunashangaa anapopeleka maswali yake kwa mhubiri wa mtaani anayejibu kila kitu kwa sauti kubwa.

Tumkumbuke yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume sura ya 8. Alikuwa mtu mzima, mwenye cheo, na alijua kusoma. Alichokosa ni mtu wa kupanda garini na kuketi naye. Filipo hakumpa mtihani. Alianzia pale pale aliposoma na kwenye swali alilouliza. Na ubatizo ulifuata swali, haukulizuia.

Kwa hiyo ninawasihi wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa huduma wasihesabu kazi ya kufundisha kuwa imekwisha siku ya kipaimara. Kila usharika uweze kuwa na jioni moja katika juma ambapo wazee kwa vijana watakaa pamoja bila daftari la mahudhurio, wasome na waulizane, na mchungaji akubali kusema kwamba jambo fulani halijui na atakwenda kulitafuta. Hilo halihitaji mfadhili wala jengo jipya. Linahitaji taa, viti vichache, na mchungaji asiyeogopa kuulizwa.