Mchongaji na Nyumba ya Kazi Zake

Mgeni anayefika mjini Singida kwa mara ya kwanza hushangazwa na mawe. Yamesimama kandokando ya ziwa Singidani na nyuma ya nyumba za watu, mengine makubwa kuliko nyumba zenyewe, mengine yamebebana kana kwamba yuko aliyeyapanga. Sisi wenyeji tumeyazoea. Tunaanikia nguo juu yake na kuyapasua kuwa kokoto. Mara nyingi nimejiuliza, jiwe kama hili lingekuwa nini mikononi mwa mchongaji?

Jibu moja liko Norway, nchi isiyo ngeni sana kwetu, kwani watu wengi wa Iramba na Mkalama wametibiwa Haydom, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa nchi hiyo mwaka 1955. Katika mji mkuu wao, Oslo, imo bustani yenye sanamu zaidi ya 200, zote za mtu mmoja, Gustav Vigeland. Miongoni mwake kuna nguzo ya jiwe moja la itale, jamii ya mawe yetu haya, yenye urefu wa zaidi ya mita 14 na maumbo 121 ya binadamu waliosongamana kuelekea juu. Vigeland alifinyanga mfano wake kwa udongo, kisha mafundi watatu wakaichonga kwa miaka 14, tangu 1929 hadi 1943.

Hata hivyo, kilichonivuta zaidi ni mkataba. Nyumba aliyokuwa akifanyia kazi ilitakiwa kubomolewa. Mwaka 1921 mji ukakubaliana naye hivi: utamjengea karakana na makazi, naye ataupa kazi zake zote, alizokwisha kufanya na atakazofanya baadaye. Alihamia humo mwaka 1924, akafariki mwaka 1943, na mwaka 1947 jengo hilohilo likafunguliwa kuwa makumbusho. Mna sanamu, mifano ya plasta na michoro ipatayo 12,000. Majivu yake yamehifadhiwa mnarani. Kijana akipita humo huona jinsi fundi alivyoanza, alivyobahatisha na alivyokomaa.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa nchi yetu, alijifunza kuchonga kwa mihogo kabla hajashika mti mgumu. Katika miaka ya 1970 alijiunga na Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akawa mchongaji na mchoraji aliyejulikana Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 2005. Kazi zake ziliuzwa mojamoja na leo zimetawanyika duniani. Huko Ise, Japani, wamejenga makumbusho mahsusi kwa ajili ya sanaa ya Kimakonde. Simlaumu mnunuzi, wala mchongaji aliyeuza. Watoto hawali kinyago.

Babu yangu hakuwa Lilanga. Alichonga vigoda na vinu, akawapa watu kwa kuku au kwa debe la mtama. Kimebaki kigoda kimoja, kimeng'aa kwa kukaliwa. Wajukuu zangu wanapouliza alichonga vingapi, na alianza lini, sina la kuwajibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tusingoje fedha za kujenga jumba kama la Oslo. Halmashauri yoyote inaweza kutenga chumba kimoja, ikapatana na fundi angali hai, ikanunua kwake kazi moja kila mwaka na kuandika daftarini jina lake, mti alioutumia na mwaka. Baada ya miaka 20 chumba hicho kitakuwa na maisha ya mtu. Vigeland alikuwa hai, na nyundo mkononi, wakati mji wake ulipoketi naye kupatana. Mafundi wetu nao wangali hai. Waulizeni.